Raia Ajue Nini?

Wako wasemao kwamba asiyeijua siasa yote hafai kupiga kura. Sisi hatukubali, hata wenye elimu hawaijui yote. Lakini chini ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika uchaguzi mkuu kila mpiga kura hupewa karatasi 6. Yatupasa basi kujua kila tunayemchagua twampa kazi gani. Zahanati ikikosa dawa twamlaumu mbunge, ilhali zahanati ni kazi ya serikali ya kaunti. Mbunge naye twamwomba mchango wa mazishi, wala hatumwulizi habari za sheria alizozipitisha. Asiyejua alimtuma mtu kazi gani atamdaije hesabu? Na tukimpima kwa michango yake, tusishangae akitafuta kuirudisha kwa siri.