Lango Lililofunguka Lenyewe



Juma hili kamati ya majengo ya kanisa letu imekaa mara mbili kwa ajili ya mota ya geti la magari. Namshukuru fundi wetu, ndugu kutoka Bukavu, aliyekataa kutaja bei kabla hajalisukuma geti kwa mkono. Likakwama. Magurudumu yameliwa na kutu, na mota yoyote ikilivuta vile lilivyo itaungua. Hapa Point, Durban, tumekaa kwenye ulimi wa nchi, bandari upande huu na Bahari ya Hindi upande ule, na chumvi haiachi chuma kipumue. Basi magurudumu kwanza, mota baadaye.

Uwanja wetu ni mfupi, kwa hiyo geti litaendelea kuteleza kando ya ukuta. Mota iwe na betri ndani yake. Aliyeishi Durban katika mgao wa umeme wa 2023 haulizi kwa nini. Ifungiwe kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli, maana mota nazo huibwa. Ufunguo wa kuliachia geti kwa mkono ujulikane uko kwa nani. Na yale macho ya mwanga, ambayo mtu akiyakatiza geti husimama, nimewasihi wazee wasiyaondoe ili kuokoa randi mia kadhaa. Watoto wa shule ya Jumapili huchezea pale pale.

Orodha ya bei ilipokuwa ikisomwa, moyo wangu ulikuwa Matendo ya Mitume sura ya 12. Petro amelala gerezani kati ya askari wawili, minyororo miwili mikononi, vikosi vinne vya askari wanne wanne vikimlinda. Malaika anamtoa, wanafika kwenye lango la chuma la kuelekea mjini, nalo linawafungukia lenyewe. Neno la Kigiriki alilotumia Luka hapo ni automate, lile lile lililozaa neno “automatic” tunaloliitia geti la mota. Katika Agano Jipya umbo hilo linaonekana tena mara moja tu, Marko 4:28, kuhusu ardhi inayozaa yenyewe.

Kisha Petro anatembea gizani hadi nyumbani kwa Maria, mama yake Yohana Marko, ambako kanisa linamwombea. Anabisha. Mtumishi Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anakimbia ndani kutoa habari, lango akiliacha limefungwa. Wenzake wanamwambia ana wazimu. Petro anaendelea kubisha. Lango la gereza lilikwisha kufunguka bila mkono wa mtu. Lililomchelewesha ni la waombaji.

Siwalaumu. Mtume Yakobo alikuwa amekwisha kuuawa kwa upanga, na hofu yao ilikuwa na sababu. Hofu yetu pia ina sababu. Aprili 2015, wageni waliposhambuliwa hapa Durban, baadhi yenu mlilala kwenye mahema ya Isipingo na Chatsworth. Wengine mlibisha mageti usiku, watoto mgongoni. Leo ninyi hao hao ndio mnaotaka geti imara, na mna haki ya kulitaka.

Lakini kamati ilipopanga kugawa rimoti kwa wenye magari, nilihesabu. Wengi wetu hatuna gari. Baadhi yenu mnashinda juani mkilinda magari ya watu wengine. Kwa hiyo nimeomba jambo moja, na wazee wamelikubali: mlango mdogo wa waendao kwa miguu hautawekewa mota. Utabaki na komeo lake, na jioni za maombi watakaa hapo watu wawili kwa zamu.

Zamu ya kwanza ni Jumatano, saa kumi na mbili jioni, mimi na mama mchungaji. Tukisikia anayebisha tutamfungulia kwanza, ndipo mmoja wetu aingie ndani kuwaambia ni nani.