Je, Ni Dhambi Kuutazama Mlima?

Francesco Petrarca, mshairi wa Kitaliani aliyekuwa akiishi upande wa Avignon, kusini ya Ufaransa, aliupanda mlima Ventoux tarehe 26 Aprili 1336, kama asimuliavyo mwenyewe katika waraka wake mashuhuri, akifuatana na nduguye mdogo Gherardo na watumishi wawili, wala hakuwa na haja nyingine ila kuona kuna nini mahali palipoinuka kiasi kile. Wako wataalamu washikiliao kwamba waraka huo, alioupeleka kwa padri Dionigi, uliandikwa baadaye sana, yapata 1353, hali Dionigi amekwisha kufariki tangu 1342. Lakini shauri hilo halinishughulishi, maana hata ikiwa safari imepambwa, swali lililomo ni zito: mtu autazamaye ulimwengu kwa mshangao na furaha, je, huwa ameghafilika na roho yake?

Mlima huo una kimo cha mita 1,910 hivi, na autazamaye kwa mbali huweza kuapa kuwa kichwa chake kina theluji mwaka mzima, kumbe hata katika joto la Julai weupe ule ni wa mawe ya chokaa yaliyovunjikavunjika, yasiyoota mti. Majira ya kuchipua ndipo hadaa hiyo inapotimia. Bondeni miti imekwisha kuvaa majani, na juu, hasa upande wa kaskazini usiopata jua sana, mabaki ya theluji ya kweli hulala kando ya mawe, weupe juu ya weupe, hata mpandaji akawa hana yakini ila kwa unyayo, kwani theluji humdidimiza na kumlowesha, na mawe humporomokea kwa kelele. Imam Ghazali, aliyeeleza katika *Al-Munqidh min al-Dhalal* jinsi jicho linavyokiona kivuli kimesimama ilhali kinakwenda, na nyota likaidhania kadiri ya dinari, angelipata hapo shahidi mwingine wa hoja yake.

Petrarca asema kwamba mchungaji mzee waliyemkuta njiani aliwasihi warudi, akiwaambia kuwa yeye aliupanda mlima ule miaka hamsini nyuma, asivune ila majuto na nguo zilizoraruliwa na miiba. Hawakumsikiliza. Gherardo akashika njia ya mwinuko mkali moja kwa moja, naye Petrarca akawa anatafuta vijia vyepesi, na kila kimoja kikimteremsha badala ya kumpandisha, mpaka akaketi bondeni kwa uchovu, akajilaumu kuwa ndivyo afanyavyo hata katika mambo ya akhera. Kileleni alisimama katika upepo, mawingu yakiwa chini ya miguu yake, akaiona milima ya Alps na theluji yake kama kwamba iko karibu, na huku iko mbali mno. Ndipo alipokifungua kijitabu cha *Maungamo* cha Mtakatifu Augustino, alichopewa na Dionigi, akaangukia katika sehemu ya 10, pale wanapolaumiwa wanaostaajabia milima na bahari na kujisahau nafsi zao. Akakifunga kwa hasira juu ya nafsi yake, asiseme neno hata wakafika chini.

Kwa maoni yangu alijihukumu pasipo haki. Sisi tuliolelewa na Suratul Ghashiya, ambamo watu wanasailiwa juu ya kutomtazama ngamia, na mbingu, na milima ilivyosimamishwa, hatuwezi kukubali upesi kwamba macho ni mlango wa kughafilika peke yake; na insafu yataka tuseme kuwa Augustino naye aliwalaumu waliojisahau, hakukataza kutazama. Tena ushahidi ni wa Petrarca mwenyewe: lawama ile ile aliyoisoma kileleni alikwisha kuipata bondeni, kwa magoti yake, kabla hajafungua kitabu. Mlima ulimtangulia Augustino kumuonya, na lau asingaliupanda, maneno ya kitabu yangalimpitia juu juu, kama yanavyotupitia wengi wetu tusomao tumeketi kivulini.

Na ajabu ni kwamba hata baada ya toba ile hakuacha kuutazama. Alipokuwa akishuka aligeuka mara nyingi, na kilele kikamwonekea kifupi, kama dhiraa moja tu, kikilinganishwa na ukuu wa fikira ya binadamu. Akaifanya hiyo kuwa hoja dhidi ya mlima. Ghazali angemjibu kwamba hapo napo jicho lilimlaghai, kwani Ventoux haukupungua hata shubiri.