Miche ya Novemba 14

Novemba 13, 2023 tulipewa likizo ya kupanda miti. Serikali ilitaka miche milioni 100 iingie ardhini siku hiyo moja, katika safari ya kufikia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kuna waliopanda, kuna waliopiga picha, kuna waliolala. Sawa tu, likizo ni likizo. Swali langu ni la Novemba 14. Mche unataka kupaliliwa na kulindwa na mbuzi, na kiangazi kikija unataka maji. Nani anaifanya hiyo kazi, na analipwa nini?

Kwenye misitu ya serikali ya miti ya mbao, jibu lipo na halipendezi. Kuna mpango unaitwa PELIS, mtoto wa ule mfumo wa zamani wa mashamba msituni. Mkulima anayeishi karibu anapewa kipande mahali miti imekatwa. Anapanda viazi na maharagwe katikati ya miche, anapalilia vyote pamoja kwa kama miaka mitatu, mpaka miti itande kivuli. Kisha anaondoka. Na kipande chenyewe anakilipia kodi! Miti ikikomaa, pesa za mbao si zake. Yaani aliyeulea mti ndiye aliyetoa hela.

Utaambiwa, si alivuna viazi? Alivuna, na kwa mtu asiye na shamba hilo si jambo dogo. Lakini viazi ni jasho lake mwenyewe. Humlipi mtu kwa kumwachia alichokilima.

Iko hoja nyingine ngumu zaidi, na naiheshimu: ati pesa huharibu moyo. Walipe watu watunze msitu, na siku pesa ikikatika wataufyeka. Halafu msitu wa umma ni wetu sote, na nani hulipwa kwa kufagia kwao?

Hapo kwa "sote" ndipo ninapokwama. Anayefungua mfereji Kilimani anakunywa maji ya Ndakaini, bwawa linalojazwa na mito ya Aberdare. Yeye pia ni umma, ila jembe hajashika. Tukisema msitu ni wetu sote, kisha kazi tuwaachie wanaoishi ukingoni mwake na tuiite kujitolea, huo ni ujanja wa mjini.

Na hiyo hofu ya pesa, Wangari Maathai hakuwa nayo. Green Belt Movement, aliyoianzisha 1977, iliwalipa akina mama kiasi kidogo kwa kila mche. Mche uliopona, sio uliopandwa tu. Moyo haukufa: Januari 1999 Maathai na wenzake walienda kupanda miti Karura wakijua kuna walinzi, na wakapigwa. Kule Gazi, Kwale, tangu 2013 wanakijiji wanatunza mikoko ya serikali chini ya Mikoko Pamoja, wanauza kaboni, na pesa zinaenda kwa maji na shule. Si pesa nyingi, na soko lenyewe linayumba. Lakini zinafika kijijini.

Sheria ya misitu ya 2016 haiishii kuwapa vyama vya jamii asali, kuni na nyasi. Inaruhusu pia wapewe kandarasi za kazi za msituni. Basi waandikiwe: malipo kila msimu, kwa miche iliyo hai, kwa miaka mitano. Na anayehesabu asiwe aliyepanda, wala aliyepigwa picha.