Ruhusa ya Kuishi

Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 ziliwafukuza Wayahudi kwenye vyuo vikuu vya Italia. Rita Levi-Montalcini, daktari kijana wa Turin, akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Sindano za kushonea alizinoa zikawa visu vya upasuaji. Alitoboa yai, akakata kichipukizi cha mguu au bawa la kiinitete cha kifaranga, kisha akahesabu seli za neva zilizokusudiwa kuhudumia kiungo kile.

Zilikuwa zimepungua mno. Viktor Hamburger, aliyemtangulia katika majaribio hayo, alidhani kwamba kiungo kikikosekana neva hazitokei za kutosha. Levi-Montalcini aliona vingine: zilitokea, zikaanza kukua, ndipo zikafa.

Kwa hesabu hakuna tofauti, kwa fikra ipo kubwa. Kutozaliwa ni pengo tu. Kifo ni tukio, nacho hudai sababu.

Sababu ilipatikana St. Louis, Marekani, katika miaka ya 1950, pale yeye na Stanley Cohen walipotambua protini inayotolewa na tishu ambazo neva huziendea. Iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Protini hiyo hunasa kwenye kipokezi kiitwacho TrkA, kwenye ncha ya neva. Vipokezi viwili hukutana, vikapachikana fosfati. Habari hupokezanwa hadi kwa protini Akt, nayo huipachika fosfati Bad, protini inayoisukuma seli ijiue. Bad hunyamaza. Lakini fosfati haikai milele, vimeng'enya vingine huibandua, kwa hiyo ruhusa lazima itolewe upya kila mara. Hata katika kiinitete kizima, makundi mengi ya neva hupoteza karibu nusu ya seli zake.

Basi uhai wa seli hii si mali yake. Mtu ni watu, wasema Waswahili, na hapa methali inaelekea kuwa biolojia. Ila tahadhari: anayetaka kuchuma siasa humo, kwamba asiyehitajika na afe, akumbuke ni utawala gani uliomfungia mtafiti huyu chumbani. Seli haihukumiwi, inakosa ishara tu.

Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya TrkA. Hawatoki jasho wala hawasikii maumivu. Hujing'ata ulimi na kuungua bila kujua. Neva zao za maumivu zilikosa ishara tangu tumboni, na hakuna dawa ya kuzirudisha.