Amana na Shaka

Mzazi wa Ngara au Biharamulo anayeuliza sindano hii itamfanya nini binti yake hafanyi kosa. Mtoto ni amana, na mwenye kushika amana hana budi kuuliza. Swali la kimaadili huanza baada ya hapo: jibu likisha kupatikana, shaka iendelee kuhukumu hadi lini?

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawajumuisha wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja tu. Umri huo ukazaa minong'ono. Mbona mtoto, na si mama yake? Pakasemwa kuwa chanjo yafunga kizazi. Pakasemwa pia kuwa yafungua njia ya uasherati. Lakini chanjo haina kirusi hai, bali ganda tupu la protini lifananalo na lake. Kirusi chenyewe huambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo kinga sharti itangulie. Na hata mke mwaminifu aweza kukipata kwa mumewe. Madhara yapo: maumivu ya mkono, kizunguzungu, kuzirai, na kwa nadra sana mzio mkali. Ugumba haukuonekana katika tafiti.

Hoja hizo hazifuti kumbukumbu. Januari 2025, watu wa Biharamulo walisikia kwanza kuwa vipimo havikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais akathibitisha kuwa ugonjwa upo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kumwita mtu huyo mjinga ni kumwongezea sababu ya kutosikia.

Hata hivyo, kusubiri nako ni kutenda. Japani iliacha kuihimiza chanjo hii mwaka 2013 kwa hofu ya madhara, ikarejea mwaka 2022. Wengi waliokua katika miaka hiyo walikwisha kupita umri ambao kinga ina nguvu zaidi. Nchini Sweden, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipungukiwa na hatari ya saratani ya mlango wa kizazi kwa takriban asilimia 88.

Mwenye kukataa hudhani hakutenda lolote. Lakini saratani hiyo hukomaa kimya kwa miaka mingi, na inapojitokeza, safari ya mwanamke wa Ngara ni ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Huenda aliyekataa hayupo tena. Anayelipa ni yule ambaye hakuulizwa.

Basi deni ni la pande zote. Mhudumu wa afya anadaiwa jibu kamili, madhara yakiwamo, kwa Kihangaza au Kishubi ikibidi, na kabla ya siku ya sindano. Mzazi anadaiwa kulisikiliza. Na binti anadai kuelezwa, kwa kuwa mwili ni wake.