Nanga ya Pili

Mintarafu ya tamaa, waandishi wetu wamezoea kukemea ile ya mashamba, majumba na fedha. Hapa twataka kuizungumzia tamaa iliyo pole zaidi, ambayo huwapata hata watu wema wasiotamani cha jirani. Ni ile ya mpenda muziki ambaye, akisha kuwa na ala moja, huitaka ya pili. Na akiipata ya pili, huiona ya tatu dukani, usingizi ukamtoka. Je, kuna ubaya gani mtu kujinunulia kwa jasho lake ala azipendazo? Na kama ubaya upo, ataizuiaje tamaa hiyo?

Tuchukue mfano wa Igurwa, katika nchi ya Karagwe mkoani Kagera, mahali pa migomba na mibuni. Ala iliyoipa nchi hii na jirani zake Wahaya sifa kubwa ni nanga. (Msomaji wa pwani asidhani twasema habari za vyombo vya baharini.) Nanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na kina kidogo mfano wa sinia, na juu yake umetandazwa uzi. Twasema uzi, si nyuzi, kwa kuwa uzi huo kwa asili ni mmoja tu: hupitishwa kwenye meno ya ubao upande huu, ukarudishwa upande ule, hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Kuulinganisha ni kuuvuta kipande kwa kipande, na ni kazi ya subira.

Mskoti James Augustus Grant alifika Karagwe pamoja na mwenzake Speke mwezi wa Novemba 1861, katika enzi ya Mukama Rumanyika. Mguu wake uliugua, Speke akatangulia Buganda, naye akabaki hapo miezi kadhaa. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1864 aliandika kwamba, katika ala zote alizoziona safarini, nanga ndiyo iliyokamilika kuliko zote. Akaongeza jambo dogo: katika nanga moja aliyoisikia, nyuzi sita kati ya saba zilifuatana sawasawa kwa sauti, ila wa saba tu ndio uliokosea.

Na tukae kidogo na uzi huo wa saba, kwa maana swali letu zima limo ndani yake. Mwenye nanga ile alikuwa na njia mbili. Aliweza kuuvuta uzi, kusikiliza, kuuvuta tena, na kuvumilia nyuzi nyingine zilegee naye azirudie. Au aliweza kusema moyoni, "Nanga hii ina ila," akaenda kutafuta nyingine. Njia ya kwanza humrudisha mtu kwenye sikio lake mwenyewe, mahali pasipopendeza sana kutazamwa. Njia ya pili ina raha yake. Ala mpya haina kosa, kwa kuwa bado haijapigwa. Haijatushuhudia tukishindwa. Twaipakata jioni ya kwanza na kujiona tumekwisha kuwa wapigaji wale tuliotaka kuwa, kisha baada ya wiki mbili vidole ni vilevile, na jicho laanza tena kutangatanga.

Kwa hiyo twasema kwamba anayenunua nanga ya pili kabla ya wakati wake, mara nyingi hakuutaka ule ubao. Aliutaka ufundi, na kwa kuwa ufundi hauuzwi, alinunua kitu kilicho karibu nao.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Wareno wa kisiwa cha Madeira waliofika Hawaii mwaka 1879 waliteremka na vigitaa vyao vidogo, na kutokana na hivyo ikazaliwa ukulele, ala ya nyuzi nne inayobebwa kwapani. Leo wapenzi wake wa Ulaya na Marekani hutaniana kwamba idadi ya ukulele inayomtosha mtu ni zile alizo nazo na moja zaidi. Utani huo una ukweli unaouma. Ala ile ni ndogo, haijazi chumba, na zipo za bei nafuu. Kwa hiyo kila moja, ikitazamwa peke yake, haina hatia. Mtu hawezi kuonyesha ni ipi iliyovuka mpaka. Tamaa kubwa hujulikana kwa kelele zake. Hii hupita mlangoni kimya kimya, kila mara ikiwa imebeba kitu kimoja kidogo.

Kuna watakaotupinga, na hoja zao zastahili jibu. Mfugaji wa Karagwe atasema: mbona ng'ombe wengi ni heshima, na hakuna amwambiaye mwenye ng'ombe aridhike na mmoja? Twamjibu kwamba ng'ombe huzaa, hukamwa, hutolewa mahari, na ukame au maradhi yakija, waliosalia huwa akiba ya ukoo. Nanga iliyolala juu ya dari haizai nanga wala haikamwi. Mwingine atatukumbusha Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, aliyezungukwa na ngoma nyingi akazipiga zote peke yake, na ambaye mlio wake uliitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Je, naye alikuwa mroho? La hasha! Mfano huu watufaa sisi kuliko unavyomfaa mpinzani. Kila ngoma ya Mzee Morris ilikuwa na zamu yake katika mpigo. Ungeiondoa moja, pengo lingesikika. Basi hesabu peke yake haihukumu. Mwenye ngoma kumi zinazofanya kazi ana kichache kuliko mwenye nanga tatu na mbili zimenyamaza.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo, pamoja na heshima zake, haitoshi hapa. Mnunuzi wetu haponyokwi na kitu. Vyote viwili anavyo, tena vimefutwa vumbi vizuri. Kinachomponyoka ni jioni. Mtu hurudi kutoka shambani au shuleni na saa moja tu ya kupiga, na saa hiyo haiongezeki kwa sababu ala zimeongezeka. Nanga moja hupata saa nzima. Nanga nne hugawana robo robo, na robo saa haitoshi hata kuulinganisha uzi.

Wako waliodhani dawa ni kisu. Plutarch ahadithia kwamba mwanamuziki Phrynis alipofika Sparta na kinubi cha nyuzi tisa, mkuu mmoja wa mji alizikata mbili, zikabaki saba. Hatuafiki. Mtu aliyekatiwa nyuzi na serikali huenda akaota nyuzi ishirini usiku huo huo. Kizuizi cha tamaa hii hakina budi kutoka kwa mwenyewe, na kwa maoni yetu hutoka kwa swali moja linaloulizwa kabla ya fedha kutolewa: ni wimbo gani nishindwao kuupiga kwa sababu ala niliyo nayo haina uwezo wa kuupiga? Anayeweza kuutaja wimbo huo ana haja. Anayetaja rangi ya ubao, au kwamba fulani anayo, ana tamaa, na yafaa aipe muda ipoe.

Tunaposema uwezo wa ala, tumfikirie Habibu Selemani, mghani wa Kihaya aliyefariki mwaka 1993. Tendi kama za Rukiza na Kachwenyanja, ambazo Profesa Mugyabuso Mulokozi alizitafiti kwa tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zina mashujaa, wafalme, vita na misiba, na hayo yote hubebwa na nanga yenye nyuzi chache zile zile. Hatujui wimbo wa kijana anayeanza ambao ungeielemea ala kama hiyo. Kinachopungua leo si mbao. Nanga hutundikwa ukutani kuwa mapambo, ikapendeza, na watoto wakakua chini yake bila kuisikia. Zilizopungua ni jioni za watu kama Habibu, na hizo hazipatikani dukani.

Basi kijana wa Igurwa mwenye fedha za kahawa mkononi, akitamani nanga ya pili, na angoje msimu mmoja. Msimu ukipita, na wimbo uliomshinda ungali ukimsumbua, aende akachongewe, wala asimwombe mtu radhi. Ile ya kwanza na ampe mtoto wa jirani, akiwa amekwisha kuulinganisha uzi wa saba.