Runinga Iliyokufa Haifufuki Stoo

Wanangu mlioko Kent, Tukwila na vitongoji vingine vya Seattle, wengi wenu mna runinga iliyokufa stoo. Msibishe. Ipo nyuma ya matairi, imefunikwa shuka, na mwenyewe anasema ataitengeneza akipata nafasi, maneno niliyoanza kuyasikia enzi za zile runinga zenye kisogo, na hadi leo sijaona hata moja iliyofufuka. Si uvivu tu. Kitu ulichokinunua kwa jasho kinauma kukitupa, hasa kwa mtu aliyelelewa nyumba ambayo hata kopo tupu la maziwa lilikuwa na kazi yake. Hilo nalielewa.

Ile inayoachwa usiku kando ya pipa la jirani ndiyo hunichekesha, maana jimbo hili la Washington lilishawarahisishia mambo zamani. Sheria ilipita mwaka 2006, huduma ikaanza Januari 2009, nayo inaitwa E-Cycle Washington. Unapeleka runinga, kompyuta, skrini yake au kishikwambi, unapokelewa, hulipi hata senti. Kila kaunti lazima iwe na kituo, na kila mji wenye watu zaidi ya 10,000 vilevile. Vingine vimo kwenye maduka ya mitumba ya hisani, na huko hamhitaji kuelekezwa, najua mnavyoshinda humo.

Wanaolipa ni watengenezaji. Kampuni inayotaka kuuza runinga au kompyuta hapa sharti ijiandikishe kwa Idara ya Ekolojia ya jimbo na ichangie gharama za kukusanya, kusafirisha na kuchambua vyombo vikuukuu. Isiyojiandikisha hairuhusiwi kuuza. Lakini mfanyabiashara hatoi sadaka, na sina shaka hela yake alishaijumlisha kwenye bei. Kule California hawakuficha: tangu 2005 mnunuzi wa skrini hutozwa ada palepale dukani, mwanzoni dola 6 hadi 10 kwa kadiri ya ukubwa. Basi anayeitupa runinga yake porini ni kama mtu aliyelipia pilau akaondoka bila kula.

Na huko porini haikai kimya. Kioo cha runinga ya kisogo kina madini ya risasi, na zile bapa za mwanzo zina taa nyembamba zenye zebaki, sumu isiyoonekana inapopanda hewani. Mkono wa kuivunja ndio wa kwanza kudhurika, na mara nyingi ni wa mtu asiyejua chochote.

Na si porini tu. Kampuni moja ya Seattle, kubwa kuliko zote zilizokuwa zikichambua vyombo vya mpango huu, iliahidi kufanya kazi kwa usalama, na ikalipwa kwa ahadi hiyo. Kumbe rahisi huvunja upishi: ilikuwa ikisafirisha skrini bapa hadi Hong Kong, ambako vibarua walizivunja bila kinga ya maana. Wanaharakati wa Basel Action Network, nao wa Seattle hapahapa, walificha vifaa vya kufuatilia ndani ya baadhi ya skrini, wakaziona zinavuka bahari. Mwaka 2019 wamiliki wawili walifungwa miezi 28 kila mmoja. Tamaa tu, wanangu, ile ile ya muuza maziwa anayeongeza maji.

Sasa msinigeuzie kibao mkasema kituoni nako kuna wezi, heri stoo. Walikamatwa kwa sababu kulikuwa na ahadi iliyoandikwa na sheria ya kuwabana. Runinga iliyotupwa kando ya barabara haina wa kuiulizia.

Kwa hiyo Jumamosi hii fungueni hizo stoo, nanyi wenye magari muwabebee wasio nayo. Futeni kwanza picha na barua zenu kwenye kompyuta, maana kazi hiyo ni yenu, si ya kituo. Ulizeni saa za kufungua kabla ya kutoka. Na printa, kibodi na simu ziacheni nyumbani, hazimo kwenye mpango huu.